Maji ya Beseni Jeupe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyovua ovaroli, nikaitupa juu ya rundo la vyuma, nikasema kazi hii mimi basi. Na leo imenirudia kwa sababu yako. Umenipigia simu jioni kutoka Busia, unasema umewaambia wakubwa wako ukweli kuhusu mtambo wao mpya wa kunasa dhahabu kwa makaa, wamekukasirikia, na sasa begi lako liko mlangoni. Nikakuambia subiri nikupigie. Sijakupigia. Nimeuzunguka uwanja wa nyumba mpaka mama yako ameniuliza nimepoteza nini.

Basi nakurekodia haya kwenye simu, vipande vipande, maana nikikaa kitako maneno hayatoki, na nikisimama nasahau nilipoishia. Ukisikia mlango unabamizwa, ni mimi. Sikiliza mpaka mwisho, kisha ulibebe begi lako kama bado utataka kulibeba.

Unajua nilikolelewa. Nyumba za askari wa magereza kule Luzira, babu yako Mwislamu wa sala tano, funguo kiunoni, na bibi yako na rozari yake chini ya mto wa kitanda walicholala wote wawili. Jirani wa kushoto Mwacholi, wa kulia Mteso, wa nyuma Mkakwa, na sisi watoto tukigombana na kupatana kwa Kiswahili. Pale nilitoka na hicho Kiswahili, na miguu isiyotulia. Nadhani mtu akilelewa karibu na ukuta wa jela hupenda sana mlango ulio wazi. Nilifanya kazi kwa fundi wa mageti, nikaacha. Nikaenda kwa watengenezaji wa matrela, nikaacha. Kila mahali niliacha kwa namna moja: naona kosa, nalisema kwa sauti, watu wanakasirika, nami naondoka kichwa juu. Nikifika nyumbani bibi yako ananiangalia tu, anaongeza maji kwenye maharage.

Ndipo nikafika kwa Hajati Mastura. Karakana yake ilikuwa Namuwongo, upande wa juu wa reli, uwanja umezungushiwa mabati, na geti zito la chuma alilolifungua na kulifunga mwenyewe. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mjane wa mwanajeshi, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha kambini, ambaye sauti yake ilishinda jenereta. Alianza na mashine za kusaga mahindi ya posho na matangi ya maji, na tangu enzi hizo alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiruka. Kila kitu tulichotengeneza kilijaribiwa kwa maji. Maji ya mwisho ya jaribio yalitekwa kwa beseni jeupe, lile la zamani lenye ukingo wa buluu uliobanduka, yakawekwa getini mpaka yatulie. Mteja anainama, anaangalia, ndipo gari linapakia. Kama tangi linatoa kutu, inaonekana. Kama mashine inavuja oili, inaonekana. Beseni lenyewe lilikaa ofisini kwake limefunikwa kitambaa, na hakuna aliyethubutu kuoshea vikombe ndani yake.

Halafu watu wa dhahabu wakaanza kuja, hasa kutoka ng'ambo ya ziwa. Wewe kazi hii umeisomea, lakini niache niieleze nilivyoielewa mimi wakati ule. Mawe yanasagwa yanakuwa unga. Unga unakorogwa na maji na ile sumu inayoyeyusha dhahabu mpaka jicho haliioni tena. Kisha yanatiwa makaa ya vifuu vya nazi, punje ngumu, nyeusi, nazo zinainyonya dhahabu kutoka kwenye maji. Mwisho chujio linazuia makaa na tope linakwenda kutupwa. Sasa kila kitu kiko kwenye kukoroga. Ukikoroga kidogo, mchanga unalala chini na dhahabu yake. Ukikoroga kwa fujo, punje zinasuguana zinageuka masizi, na masizi hayazuiwi na chujio. Yanapita na tope, dhahabu ikiwa ndani yake, na mwenye mtambo anabaki kujikuna kichwa.

Mashine hizo za kukoroga wakati ule zilitoka mbali, zilichelewa baharini, zikachelewa tena bandarini, na zikiharibika hakuna wa kuzitengeneza. Hajati akaamua tutengeneze ya kwetu. Kazi akatupa mimi na Bahati.

Bahati alikuwa mtu wa Bukavu. Vita vilimleta Kampala na mke wake Furaha, na walikuwa wamepanga chumba chini ya reli, karibu kabisa na mfereji. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mfereji yanaingia ndani bila kubisha hodi. Furaha alikuwa na mimba iliyokaribia. Na Bahati, mwanangu, alikuwa fundi. Mshono wake wa kuchomelea ulikuwa laini, unaweza kupitisha kiganja usijue chuma kimeungwa wapi. Tulicheka siku nzima mimi na yeye, tukala sahani moja.

Mteja wetu alikuwa Bwana Masanja, mwenye mtambo mdogo wa kusaga mawe huko mbele ya Mwanza. Alikuwa ameahidi jambo moja: akiichukua mashine, Bahati ataondoka nayo kuwa mwangalizi wake, na atapewa nyumba ya kuishi juu ya kilima, pakavu. Furaha alikwisha kufunga sufuria zake zote ndani ya kitenge, akabakiza moja. Ukimtania anakujibu, "Shemeji, mimi ninapika na hii moja. Zingine ziko safarini."

Sasa siku yenyewe. Masanja alikuja asubuhi na lori. Feri ya kubeba mabehewa ilikuwa inapakia Port Bell siku hiyo, na baada yake hakuna aliyejua nyingine itakuja lini. Alikuwa na haraka, sisi tulikuwa na haraka, hata dereva alikuwa amekaa na mlango wazi. Hajati peke yake hakuwepo, alikuwa ameteremka Nakivubo kutafuta boliti. Tukajaza tangi maji, tukatia mchanga wa ziwani, tukatia makaa ambayo tulikuwa tumeyaosha mpaka maji yake yakatoka meupe. Tukawasha.

Mashine ikazunguka polepole, kama tulivyoitengeneza. Masanja akainama, akaangalia, akakunja uso.

"Mbona inalala hii?" akasema. "Hebu mwageni maji."

Tukamwaga. Chini ya tangi, katikati, mchanga ulikuwa umekaa rundo.

"Jamani! Nimevuka ziwa kuja kununua kitanda cha mchanga?"

Na alisema kweli. Mimi nilitazama lile rundo nikatamani ardhi initie mfukoni. Bahati hakutazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vyuma, akarudi na puli kubwa, lile gurudumu la mkanda, nikajua anataka kufanya nini. Puli kubwa kwenye mota, mapanga ya kukorogea yanakwenda mbio.

Nikamsogelea sikioni. "Bahati, itasaga makaa."

"Minajua," akasema. "Niache."

Akafunga puli, akavalisha mkanda, tukajaza tena. Mwanangu, ile mashine ilinguruma! Tangi lilitikisika miguu, maji yakaruka mpaka juu ya mdomo, mchanga wote ukapanda. Masanja akapiga makofi kama mtu aliye harusini. "Sasa hii ndiyo mashine!" Akampungia dereva arudishe lori nyuma.

Bahati akazima, akafuta uso. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Leo beseni tuliache. Hajati haiko."

Mimi damu ilikuwa imekwisha kuchemka. Nikaenda ofisini nikaondoa kitambaa. Nikirudi, Bahati akanishika mkono.

"Drani, ndugu yangu. Ule mutu anaondoka na weye unaleta beseni? Unajua Furaha iko aje. Acha tufike kule, mi nitaitengeneza kulekule, pole pole."

"Na kama utashindwa?"

Ule mkono aliniachia mwenyewe, hilo nalikumbuka. Nikateka maji, nikaliweka beseni mbele ya gurudumu la lori ili lisiweze kupita bila kulikanyaga, nikasubiri. Mchanga ukashuka. Weusi haukushuka. Ulibaki juu, mzito, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Masanja akaja akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, masizi yakabaki kwenye ngozi.

"Dhahabu yangu ingetoka na haya?"

"Na haya."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alijifuta mkono kwenye suruali akamwambia Bahati, siyo mimi, "Mkiitengeneza mniambie. Mkishindwa msinipigie." Nikaliondoa beseni, na lori likatoka tupu kwenda Port Bell.

Ndipo nikavua ovaroli. Nilishajipangia: nitakwenda Juba, au Arua kwa baba mdogo, mahali popote penye hewa. Kabla sijafika getini, Hajati akaingia nyuma ya bodaboda na mfuko wake wa boliti. Akaona beseni. Akaona alama za matairi. Tukamweleza, mimi zaidi, Bahati neno moja moja. Na nilisubiri anisifu, mwanangu. Nilikuwa nimeilinda desturi yake yeye hayupo.

Akamwambia Bahati, "Wewe tutaongea." Kisha akanigeukia. "Na wewe nakwenda wapi bila nguo ya kazi?"

"Hajati, mimi nakwenda. Kazi ya uongo mimi hapana."

"Umesema ukweli?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Sasa nani nabeba hiyo ukweli?"

Sikuelewa. Niliendelea kulitazama geti.

"Wewe nasema, halafu wewe nakwenda," akasema, na mafundi wote walikuwa wameacha nyundo. "Mteja nakwenda. Bahati nabaki na aibu. Mimi nabaki na tangi. Bibi ya Bahati nabaki na maji ndani ya nyumba. Wewe peke yako iko safi. Unaona ni ukweli hiyo? Hiyo ni kunawa mikono, na unanawa ndani ya beseni yangu!"

Nikafungua mdomo.

"Funga. Vaa nguo. Hii tangi nakula mchanga, halafu nakula makaa. Siku itaacha yote mbili, utakwenda mahali unataka. Geti nitafungua mimi mwenyewe."

Nilikasirika, nisikudanganye. Na mpaka leo, nikizunguka hapa uwanjani, nusu yangu bado inabishana naye. Maji yalipaswa kutekwa, au siyo? Yeye mwenyewe asingekubali lori litoke. Nilitaka kumwambia hivyo, nilikuwa nayo maneno yote tayari, na nadhani ningeyasema na kuondoka kweli kama Furaha asingeingia.

Alikuja na chakula kama kila siku, sufuria ile moja imefunikwa sahani, tumbo mbele, anatembea kwa kuegemea nyuma. Akatazama huku na huku.

"Shemeji, lori iko wapi?"

Nikageuka kumtafuta Bahati. Alikuwa ameingia nyuma ya mapipa. Hajati alikuwa ofisini. Nilibaki mimi, bila ovaroli, na yule mwanamke. Kila mahali nilipowahi kusema ukweli na kuondoka, kulikuwa na mtu kama yeye aliyekuja baadaye na sufuria, na mimi sikuwahi kumwona. Nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mashine ingekufa kule?"

"Hapana. Ingezunguka vizuri tu. Dhahabu ya mwenyewe ndiyo ingekuwa inapotea kila siku. Na wa kwanza kuulizwa iko wapi angekuwa Bahati."

Nikaona analifikiria hilo: mume wake, mgeni, mkimbizi, katika nchi ya watu, dhahabu imepotea mikononi mwake. Akaiweka sufuria chini taratibu.

"Basi mutengeneze haraka," akasema. "Maji iliingia tena jana."

Nikaiokota ovaroli, nikaikung'uta, nikavaa.

Nisubiri kidogo, mwanangu, mama yako anasema nitaamsha majirani kwa hizi hatua zangu.

Nimerudi. Zile wiki zilizofuata sikuzipenda hata kidogo. Bahati hakunisemesha. Tulifanya kazi kwenye tangi moja, mikono inapishana, hakuna neno. Akitaka nyundo anaifuata mwenyewe hata kama iko mguuni kwangu. Tukipunguza mwendo, mchanga unalala. Tukiongeza, beseni linakuwa jeusi. Tukapanua mapanga, tukayapinda, tukayapandisha, tukayashusha, na kila jaribio lilikuwa kujaza, kutia, kusubiri, kumwaga, na mimi kusubiri ndicho kitu nisichokijua. Nililizunguka tangi mpaka nikachora njia kwenye vumbi. Kila asubuhi Hajati anafungua geti, ananitazama, analitazama geti, anakwenda zake. Mvua nazo zilikuwa zimeshika.

Katika wiki hizohizo Furaha akajifungua, mtoto wa kike, humohumo chumbani. Siku ya pili yake Bahati akaja na vipande vya bomba akaanza kuvikata. Nikaona anatengeneza miguu ya kitanda, mirefu, ili maji yakiingia yapite chini ya mama na mtoto. Hakuniomba. Nikashika upande wa pili wa bomba, yeye akakata. Nikavishika vikiwa vimesimama, yeye akachomelea. Tulivibeba pamoja kuvuka reli mpaka chumbani, tukainua kitanda, tukaviweka. Furaha alitushukuru sote wawili. Bahati akatoka bila kuniaga, nami nikarudi peke yangu nikijiuliza kwa nini nisipande basi la Arua.

Jibu la mashine lilikuja kwa hasira, siyo kwa akili, na ningependa ulijue hilo. Nilikuwa na ubao wa kupimia kina. Siku hiyo tulikuwa tumewasha kwa mwendo mdogo, na mimi nilikuwa natazama yale maji yanavyozunguka yote kwa pamoja, yamebeba mchanga kama abiria, yanauzungusha mpaka katikati na kuuteremsha pale. Nikachoka. Nikauchoma ubao ndani ya maji, pembeni kwenye ukuta, nikaushikilia kama mtu anayeziba njia ya mtu aliyemchosha. Kisha nikaona upuuzi wangu, nikautoa ili niutupe.

"Rudisha."

Niligeuka. Bahati alikuwa amesimama juu ya ngazi, macho ndani ya tangi.

"Nini?"

"Rudisha ile mbao! Usiitoe, Drani!"

Nikaurudisha. Akanionyesha kwa kidole. Pale ubao ulipokuwa, maji yalikuwa yanagonga, yanakosa njia ya kuzunguka, yanalazimika kupanda. Na yalipopanda yalikuja na mchanga kutoka chini. Bahati aliruka kutoka kwenye ngazi kama mtoto. Tukakata vipande vya bati nene, virefu, tukavichomelea wima ukutani ndani ya tangi kuuzunguka wote. Tukarudisha puli ndogo na mapanga mapana. Tulikuwa tunaongea wote kwa wakati mmoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, na sijui ni saa ngapi tuligundua kwamba tunaongea.

Tukawasha. Maji yaliacha mchezo wao wa kuzunguka, yakaanza kupanda na kushuka. Tulipomwaga, chini palikuwa safi. Lakini mchanga ulikuwa nusu tu ya maneno, na sote tulijua. Bahati mwenyewe ndiye aliyejaza tena, akatia makaa, na ndiye aliyekwenda ofisini kulichukua beseni. Akateka, akaliweka getini. Tukakaa chini tukalitazama. Mchanga ukashuka. Maji yakabaki, na ndani yake nikaona mkwaruzo mdogo ulio chini ya lile beseni, na ukingo wa buluu, kila kitu.

Hajati akaja akainama. Aliangalia muda mrefu. "Kale," akasema, yaani sawa, na hiyo ndiyo sifa yote tuliyopata. Kisha akaenda akafungua geti lote, pande zote mbili, akanitazama.

"Iko wazi."

Nikatazama nje. Barabara ilikuwa palepale, bodaboda zinapita, reli, Namuwongo nzima. Nikamuuliza boliti za tangi la pili ameziweka wapi.

Masanja alichukua muda kurudi, na aliporudi hakumwamini mtu. Aliteka maji ya beseni mwenyewe, akamwaga, akateka tena. Baadaye tukaipeleka mashine Port Bell, nikaiona inafungwa kwa minyororo juu ya behewa, na behewa linasukumwa ndani ya feri. Furaha alikuwa na mtoto mgongoni na zile sufuria kichwani, zimefungwa kitenge kilekile. Bahati akanikumbatia mpaka mbavu zikauma.

"Siku ile ningekupiga na spana," akasema.

"Najua."

"Na kama ungekwenda, ningekutafuta nikupige palepale unaenda." Akacheka, na mimi nikacheka, na nililia pia, mbele ya makuli wote wa bandari.

Sasa nisikilize vizuri, Ayikoru mwanangu. Ukweli umeusema, na mimi baba yako najivunia. Sikuombi uurudishe hata herufi moja. Kama makaa yanasagika, yanasagika, na anayekasirika akasirike. Ila lile begi mlangoni ndilo linaloninyima raha. Ukiondoka usiku huu, kesho watawasha. Wale vijana wa zamu watakuwa palepale, yule mwanamke uliyeniambia anapepeta makaa atakuwa palepale, na dhahabu itakapopungua hawataulizwa waliokudharau. Wataulizwa hao, na hakutakuwa na mtu wa kuteka maji na kusema tazameni. Ukweli ulioutoa ni mzigo, mwanangu, na umeushusha katikati ya njia ya watu wengine. Rudi uushike upande mmoja.

Mtafute aliyechora ule mtambo. Usimwite mbele ya wakubwa, mfuate alipo, umwonyeshe maji kabla hujamwonyesha mtu mwingine, na kama hataki kukusemesha, mshikie bomba. Jaribuni tena. Mtakosea tena, utachukia, utalitazama geti. Hiyo miguu isiyotulia umeirithi kwangu, pole sana, sikuwa na kingine cha kukurithisha. Itembeze kulizunguka tangi. Mimi ilinisaidia huko kuliko ilivyowahi kunisaidia barabarani.

Sisemi ukae wanapokutukana, wala wanapocheza na ile sumu karibu na mikono ya watu. Hapo chukua begi na watu wako uwachukue, uje. Na kama umefanya yote na wakakutoa wao wenyewe, njoo, kitanda chako kimetandikwa. Lakini wawe wao ndio waliokufungulia geti.

Marehemu Hajati aliniachia lile beseni. Nimelitoa juu ya kabati, mama yako amelifunga kwa gunia, na asubuhi nalipeleka stendi mwenyewe nilikabidhi kwa basi la Busia. Mungu aliyesikiliza mkeka wa babu yako na rozari ya bibi yako chini ya paa moja akusikilize na wewe. Akupe mikono isiyochoka na moyo usiokimbia. Akuweke salama na sumu, na chuma, na watu. Na hilo beseni, mwanangu, likifika, likukute umevaa ovaroli.